Salamu za Kifaransa na Adabu Zake

Ndugu mwanafunzi, Uislamu umetufundisha kuanza na salamu. Wafaransa nao wana desturi yao: ukiingia dukani ukauliza bei kabla ya kusema "bonjour" (bonzhuu), utahesabiwa huna adabu. Jioni husemwa "bonsoir" (bonswaa). Tafadhali ni "s'il vous plaît" (sil vu ple), yaani ikikupendeza. Ahsante ni "merci" (mersi). Kwaheri ni "au revoir" (o revwaa).

Zingatia pia neno "wewe". Rafiki huambiwa "tu" (tamka tyu). Mkubwa, au mtu usiyemjua, huambiwa "vous" (vu), ambalo pia ni "ninyi". Kumwambia mzee mgeni "tu" ni kama kumwamkia "mambo" badala ya "shikamoo". Basi ukijifunza lugha, jifunze na heshima yake.