Gari la Kulala Bandani Hadi Aprili

Mvua za Ufipa zina miezi yake. Zinaanza Novemba, zinakolea Desemba, na hazikatiki mpaka Aprili. Uwanda huu uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukishalowa, njia za mashambani zinameza tairi mpaka kwenye rimu. Lami ya kutoka Tunduma kupitia Laela hadi Sumbawanga imewapunguzia wengi adha. Lakini mwenye pikapu anayeishi mbali na lami hiyo kila mwaka anajiuliza: aendelee kupigana na tope, au aliegeshe gari mpaka njia zikauke? Mtumishi anayekwenda masomoni Dodoma au Dar es Salaam na kuliacha gari nyumbani naye ana swali linalofanana na hilo.

Kuliegesha hakuna kazi. Kazi ni kulikuta zima.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu gari la kulala muda mrefu umeandikwa kwa ajili ya nchi kama Finland na Sweden, ambako magari ya anasa na ya kale hufungiwa ndani majira ya baridi ili yasiguse chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Baridi ya Sumbawanga mwezi Juni na Julai inauma kweli, ila haipasui rejeta. Hata hivyo kulanti isiachwe, maana kazi yake si kuzuia barafu tu. Inazuia pia kutu ndani ya injini. Tena katika mwinuko huu maji matupu huchemka yakifika kama nyuzijoto 94 badala ya 100, kwa hiyo anayejaza rejeta maji ya bomba anajinyima mara mbili.

Adui wa hapa ni unyevu. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo zinazozidi kimo cha mtu, na mabaki yake bado yanaonekana huku na huko uwandani. Walikuwa wakiitoa oksijeni kwenye mawe yenye chuma. Tope lililoganda chini ya chasisi linafanya kinyume chake: linashika maji, hewa inapita, na chuma kinaanza kurudi kuwa udongo mwekundu. Ndiyo maana gari lioshwe kabla ya kulazwa, hasa chini, kwenye matao ya matairi na kwenye kona ambazo mpira wa maji haufiki kirahisi. Kisha liachwe likauke kabisa. Turubai la plastiki linalogusa bodi ni kosa la kawaida, kwa sababu linafungia jasho ndani. Kama paa la banda halivuji, shuka kuukuu la pamba linatosha.

Banda lenyewe nalo litazamwe. Huu ni mkoa wa mahindi, na mara nyingi chumba kimoja kinahifadhi gari, magunia na mbolea ya msimu. Mbolea za chumvichumvi hunyonya unyevu hewani na kuharakisha kutu, kwa hiyo zikae chumba kingine. Mahindi huita panya, na panya akishashiba huhamia chini ya boneti, kisha huanza kuguguna waya. Mdomo wa kuvutia hewa na mdomo wa ekzosi uzibwe kwa wavu wa waya au kitambaa, halafu kipande cha kitambaa chekundu kifungwe kwenye usukani ili mtu asije akawasha injini akiwa amesahau.

Betri ndiyo hufa mapema kuliko vyote. Gari likiwa limezimwa, saa, redio na alamu bado vinakunywa umeme kidogokidogo. Tuseme vinachukua miliampea 50: kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 itakuwa tupu baada ya wiki tano hivi. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake, na chaja haiwezi kuirudisha tena ilivyokuwa. Dawa ni kuchomoa tamino, hasi ikitangulia, kuihifadhi betri mahali pakavu na kuichaji kila mwezi. Ikipimwa na kusoma volti 12.6, imejaa.

Desturi ya kuwasha gari dakika tano kila Jumapili inafanywa kwa nia njema, lakini faida yake ni ndogo. Injini haipati joto la kutosha, mvuke unageuka maji ndani ya ekzosi, na betri inatoa umeme mwingi kuliko inaorudishiwa. Ama liendeshwe nusu saa, ama liachwe. Na lisiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Oili ibadilishwe kabla ya kulaza, kwani oili iliyotumika ina asidi na maji. Tangi la dizeli lijazwe ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, ingawa mwenye banda lisilo na kufuli ana sababu nzuri ya kusita. Matairi yaongezwe upepo kidogo, au gari liinuliwe juu ya magogo ya mti mgumu. Matofali ya kuchoma hupasuka ghafla chini ya uzito. Breki ya mkono iachwe wazi na gurudumu lizuiwe kwa kigingi, maana breki zilizobana miezi mitano huenda zikashikana moja kwa moja.

Jambo moja limerahisika. Hadi mwaka 2017, gari lililoegeshwa liliendelea kudaiwa ada ya leseni ya kila mwaka hata kama lilikuwa juu ya mawe. Bajeti ya Juni mwaka huo iliifuta ada hiyo pamoja na malimbikizo, na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Gari lisilotembea halichangii tena.

Aprili ikiisha, boneti lifunguliwe kabla ya kugusa ufunguo: viota, waya, mikanda, kiwango cha oili. Maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli yamwagwe. Breki zijaribiwe hapohapo uwanjani, kwa mwendo wa kutambaa, kabla dereva hajafikiria barabara ya Muze, inayoteremka takriban mita 1,000 kutoka uwandani hadi bonde la Ziwa Rukwa.