Sumaku, Moyo na Hofu ya Mama Aliyepoteza Mimba

Mwanachama mwanamke asipofika kwenye mizani wakati wa msimu wa pamba, daftari la chama huandika neno moja tu: hakufika. Iwe ni chama cha Bunda au cha Butiama, ni nadra daftari kueleza kwamba ametoka kupoteza mimba, pengine ya pili au ya tatu. Hata hivyo jambo hilo humgusa mwanachama, shamba lake na deni lake la pembejeo, na kwa hiyo linakihusu chama.

Katika kila mimba 100 zinazotambuliwa, 15 hivi huharibika. Sehemu kubwa ya zile zinazoharibika mapema hutokana na hitilafu katika chembe za urithi za kiumbe chenyewe, ambayo haisababishwi na jicho la jirani wala na laana ya ukoo. Wanawake waliopoteza mimba mara tatu ni wachache. Hawafiki mmoja katika kila 100. Lakini uzito wa jambo haupimwi kwa hesabu. Katika mkoa ambao mila ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu humruhusu mama asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate warithi, kila mtu anafahamu uzazi unavyobeba heshima ya mwanamke. Anayepata mimba tena baada ya kupoteza mbili huenda asifurahi hata kidogo. Huhesabu siku kwa hofu, usingizi humpaa, na moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa kivulini.

Utafiti uliofanywa London na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kuwa mwezi mmoja baada ya kupoteza mimba changa, wanawake 24 katika kila 100 walikuwa na wasiwasi mkubwa au wa kadiri. Miezi tisa baadaye walikuwa bado 17. Basi kumwambia mama "umeshapona" kwa kuwa damu imekata ni kupima kwa mizani mbovu.

Moyo unahusikaje? Moyo wa mtu mtulivu haupigi kama saa ya ukutani. Mtu avutapo pumzi huongeza mwendo kidogo, na atoapo pumzi hupunguza. Mabadiliko hayo huongozwa na mshipa mrefu wa fahamu utokao kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Hofu ya muda mrefu hudhoofisha breki hiyo. Moyo hubaki kama gari lililokanyagwa mafuta bila kuachiwa. Ndiyo sababu wataalamu hupima nafasi kati ya pigo na pigo ili kufahamu hali ya mishipa ya fahamu.

Hapo ndipo sumaku inapoingia. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kuwa koili ya waya ikiwekwa juu ya kichwa na kupitishwa umeme wa ghafla, nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha ubongo bila kupasua wala kuchoma. Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona waliokuwa hawajapata nafuu kwa dawa. Kwa kawaida koili huwekwa upande wa kushoto juu ya paji la uso, siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Baadhi ya watafiti wameona kuwa sehemu hiyo ikiguswa sawasawa, mapigo ya moyo hupungua kidogo, maana ina njia ya kuufikia ule mshipa wa breki. Mwenye kifafa, au mwenye chuma kichwani, hapaswi kuitumia bila idhini ya daktari bingwa.

Ieleweke wazi kwamba mashine hii haizuii mimba kuharibika. Kuhusu hofu ya wanawake waliopoteza mimba mara kwa mara, ushahidi wake bado ni mchanga. Asitokee mwanachama wa kuuza ng'ombe ili kuifuata mbali.

Yaliyo karibu yafanywe kwanza. Mama aliyepoteza mimba mara mbili apelekwe Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, Musoma, akapimwe kaswende, kisukari, tezi ya shingo, kuganda kwa damu na umbo la mfuko wa uzazi. Baadhi ya sababu hizo zina dawa. Akishika mimba tena, awahi kliniki, alale katika chandarua chenye dawa, na ameze vidonge vya SP kama atakavyoelekezwa, maana malaria ya kanda ya Ziwa haina huruma kwa wajawazito. Hofu ikizidi, hospitali ya Bugando, Mwanza, ina idara ya magonjwa ya akili.

Kupumua taratibu, pumzi sita hivi kwa dakika, huupa moyo nafasi ya kutulia, na hakuna gharama. Huko Zimbabwe, wazee wa kike waliofundishwa kuwasikiliza wenye majonzi kwenye benchi nje ya zahanati walileta nafuu iliyothibitishwa kwa utafiti mwaka 2016. Benchi za namna hiyo hazihitaji umeme, na vyama vingi vinazo tayari mbele ya ghala.

Makatibu wanaombwa kukubali mama wa namna hiyo awakilishwe kwenye mizani na mtu aliyemteua mwenyewe kwa maandishi, malipo yaingizwe kwa jina lake, na sababu ya kutofika kwake isisomwe mkutanoni.