Kiini cha Kisa katika Filamu Fupi za Afrika Mashariki: Aina Zake na Masharti Yake

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, istilahi za dhamira, msuko, wahusika na mandhari zimekwishazoeleka, na wahakiki wa filamu wamezitumia bila taabu kubwa kuchambua filamu ndefu. Filamu fupi huzisumbua istilahi hizo. Msuko wake mara nyingi ni tukio moja. Wahusika wake hawapati nafasi ya kukua. Mandhari yake huweza kuwa chumba kimoja au kituo kimoja cha daladala. Kinachoibeba ni jambo linalotangulia msuko, ambalo makala haya yanaliita kiini cha kisa: hali ya mwanzo inayomweka mtu fulani, mahali fulani, mbele ya jambo asiloweza kuliahirisha.

Makala haya yanafafanua aina tano za kiini cha kisa kwa kurejelea filamu za Tanzania na Kenya, kisha yanajadili sababu zinazofanya aina moja itawale kuliko nyingine. Hoja inayotetewa ni kwamba mada haitoshi kuzaa filamu fupi. Mada ikiachwa peke yake huzaa tangazo. Kisa huanza pale mada inapompata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

2.0 Urefu wa Filamu na Uzito wa Kiini

Taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi iwapo haizidi dakika 40, pamoja na orodha ya majina ya washiriki. Kigezo hicho ni cha muda tu. Hakisemi ni hadithi ya namna gani inayoweza kuenea katika muda huo.

Mfano mmoja unaonesha tofauti hiyo waziwazi. Ekwa Msangi, mwongozaji mwenye asili ya Tanzania, alitengeneza filamu fupi iitwayo Farewell Meu Amor, na baadaye filamu ndefu ya Farewell Amor, iliyooneshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2020. Zote mbili zinahusu mhamiaji kutoka Angola aishiye New York ambaye mkewe anawasili baada ya kutengana kwa muda mrefu. Filamu fupi inashika jambo moja: mwanamume huyo hana budi kuagana na mpenzi wake kabla mke hajafika. Filamu ndefu inaanzia uwanja wa ndege, mke na binti wanapopokelewa, kisha inasimulia mkutano huo kwa macho ya watu watatu. Kisa ni kilekile, lakini kiini kimebadilika. Kuagana humalizika kwa usiku mmoja. Kuishi pamoja upya baada ya miaka 17 hakumaliziki hivyo. Urefu wa filamu, kwa hiyo, hufuata uzito wa jambo lililowekwa mwanzoni.

Filamu za awali kabisa zinathibitisha hilo. Mwaka 1895 ndugu Lumière wa Ufaransa walionesha filamu isiyofika dakika moja: mtunza bustani anamwagilia maji, kijana anaukanyaga mpira, maji yanakatika, mtunza bustani anaichungulia ncha yake, kijana anauachia. Haina mazungumzo wala historia ya wahusika, lakini mtazamaji anajua nani anataka nini, na anajua kabla ya mtunza bustani nini kitampata.

3.0 Kutoka Mada hadi Kiini: Mfano wa Mbweni

Ili kurahisisha ufafanuzi, makala haya yanatumia mfano mmoja wa kubuni. Mbweni ni eneo la pwani kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, katika Manispaa ya Kinondoni. Huko nyumba kubwa zenye kuta ndefu zimesimama jirani na mapagala ambayo wenyewe wako mbali, na katika baadhi ya mapagala hayo anaishi mlinzi na familia yake.

Mtu anayesema kwamba anataka kutengeneza filamu fupi kuhusu makazi ya wanyonge jijini ametaja mada. Anayesema kwamba filamu inamhusu mlinzi anayeishi ndani ya pagala amepata mhusika na mandhari, lakini bado hana kisa, kwa kuwa mlinzi huyo anaweza kuishi humo miaka kumi bila jambo lolote kutokea. Kiini kinapatikana katika sentensi ya tatu: mlinzi aliyelelea watoto wake ndani ya pagala la Mbweni anapigiwa simu kuambiwa kwamba fundi wa madirisha anafika kesho asubuhi. Kwa mwenye nyumba, hiyo ni habari njema. Kwa mlinzi, nyumba inayotiwa madirisha ni nyumba inayomfukuza. Hakuna aliyemtendea ubaya, na hata hivyo ana usiku mmoja tu. Namna kiini hicho kinavyoweza kugeuzwa inatofautiana kulingana na aina tano zifuatazo.

4.0 Aina za Kiini cha Kisa

4.1 Kiini cha Funzo

Hii ndiyo aina kongwe zaidi katika filamu fupi za Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, uliweka kambi yake Vugiri katika milima ya Usambara na kutengeneza takriban filamu 35 kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Mada zake zilikuwa kodi, minyoo, mmomonyoko wa udongo na kilimo. Katika filamu kuhusu benki ya akiba ya posta, wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara: mmoja anaziweka fedha zake posta, mwingine anazifukia ardhini na mwizi anazifukua.

Umbo hilo la watu wawili, mwerevu na mjinga, halikuwa geni kwa watazamaji. Ngano hulitumia, na vichekesho vya jukwaani vya enzi ileile vilimcheka mtu asiyeyamudu mambo ya kisasa. Udhaifu wake si funzo lenyewe. Aliyefukia fedha ana kisa kamili: ana hofu, ana siri, anaibiwa. Aliyekwenda posta hana kisa; yupo ili awe sahihi. Mtazamaji huambiwa amfuate mtu ambaye hakuna lililompata.

Pagala la Mbweni likitiwa katika umbo hili, watakuwapo walinzi wawili, mmoja aliyejiwekea akiba akanunua kiwanja na mwingine aliyekunywa mshahara wake. Hitimisho linajulikana kabla ya simu kulia.

4.2 Kiini cha Kazi Ndogo

Katika aina hii mhusika anapewa jambo dogo la kutekeleza kwa muda mfupi, na udogo wenyewe ndio unaofichua mambo makubwa. Soko Sonko ya Ekwa Msangi, ya mwaka 2014, ni mfano mzuri. Baba anatakiwa kumpeleka binti yake sokoni akasukwe nywele ili kesho aende shule. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya mama, na baba anaingia katika ulimwengu wa wasusi asioujua lugha wala taratibu zake. Filamu haitoi hotuba kuhusu mgawanyo wa majukumu ya kijinsia. Inamwacha baba ahangaike, na kicheko kinafanya kazi ya hotuba.

Kwa mlinzi wa Mbweni, kazi ndogo ingekuwa kupata kirikuu cha kuhamishia vyombo usiku ule, akiwa na fedha za bodaboda tu.

4.3 Kiini cha Uamuzi

Hapa mhusika anasimamishwa kati ya njia mbili ambazo zote zina gharama. Arusi ya Mariamu, filamu ya dakika 36 iliyotengenezwa Tanzania na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985, inamhusu mwanamke ambaye hospitali haimponyi maradhi yake naye anaogopa tiba ya jadi. Watu Wote ya Katja Benrath, ya mwaka 2017, inatokana na tukio la Desemba 2015 karibu na Mandera, Kenya, ambapo washambuliaji walisimamisha basi na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo, nao abiria Waislamu wakakataa. Filamu hiyo, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, inamfuata mwanamke Mkristo ambaye tangu mwanzo wa safari ana uchungu dhidi ya abiria wenzake Waislamu. Kwa hiyo uamuzi wa abiria unamgusa mtu ambaye yeye mwenyewe asingetarajia kuokolewa nao.

Mlinzi wa Mbweni anaweza kuwekwa katika hali hiyo kwa kuongeza mtu mmoja: dalali wa viwanja anayemtaka ajitambulishe kama mwenye nyumba mbele ya mnunuzi, usiku uleule, kwa malipo yatakayomtosha kuanza maisha mahali pengine.

4.4 Kiini cha Kituo

Baadhi ya filamu fupi hazimwendeshi mhusika. Zinamketisha, na dunia inapita mbele yake. Shoeshine ya Amil Shivji, ya mwaka 2013, inamweka kijana mng'arisha viatu katika mtaa wa Dar es Salaam, na wateja wanaosimama mbele yake ndio wanaoileta jamii ndani ya filamu. Mtu anayetazama kutoka chini, usawa wa viatu, anaona tabaka za watu kwa namna ambayo mwenye kiti kirefu haioni. Hatari ya aina hii ni kugeuka mfululizo wa sura zisizofungamana. Kinachoifunga ni mtazamo mmoja usiohama.

Kwa Mbweni, benchi la getini lingetosha kuanzia alfajiri hadi magharibi: muuza maji, dalali, watoto wakirudi shule, na mwishoni fundi na madirisha yake.

4.5 Kiini cha "Iwapo"

Aina ya tano inabadilisha sheria moja ya dunia na kuacha mengine yaendelee. Katika Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, watu wanaishi chini ya utawala mkali, miaka 35 baada ya vita kuu ya maji, na mtunza makumbusho aitwaye Asha anapokea udongo unaoweza kuotesha mbegu. Kichwateli ya Muchiri Njenga, ya mwaka 2012, inamtembeza Nairobi mtoto ambaye kichwa chake ni televisheni. Filamu hizi hazihitaji kueleza dunia yake kwa kirefu. Jambo moja lisilo la kawaida linatosha, mradi mhusika alichukulie kuwa la kawaida.

Iwapo bahari ingepanda, na pagala lile la ghorofa likawa jengo pekee la Mbweni lililobaki juu ya maji, nani angekuwa mwenye nyumba?

5.0 Nani Huchagua Kiini?

Aina hizi hazichaguliwi kwa uhuru. Soko la diski lililoikuza Bongo Movie lilipenda visa virefu, mara nyingi vikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili viuzwe mara mbili. Filamu fupi haikuwa na nafasi humo. Makao yake yamekuwa matamasha, kama lile la kimataifa la filamu la Zanzibar lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Warsha, kama za Maisha Film Lab iliyoasisiwa na Mira Nair mwaka 2004. Na miradi inayogharamiwa na mashirika ya afya, elimu na haki za binadamu. Mfadhili wa mradi huja na mada mkononi, na mtengenezaji kijana asiye na kamera yake mwenyewe huipokea. Hapo ndipo kiini cha funzo hurudi kwa mlango wa nyuma, miongo mingi baada ya Vugiri.

Mada iliyoagizwa haimlazimu mtengenezaji kutoa tangazo. Kabla ya kuandika mswada, anaweza kukihoji kiini chake kwa maswali matatu: Jambo hili linampata nani hasa? Kwa nini leo na si mwakani? Atapoteza nini akitenda lililo sahihi? Filamu ya benki ya posta ingejibu swali la kwanza na la pili. Ingeshindwa la tatu, kwa kuwa mwerevu wake hapotezi chochote. Watu Wote inayajibu yote matatu, ingawa nayo ina ujumbe ulio wazi.

6.0 Hitimisho

Uainishaji huu unaonesha kwamba tofauti za filamu fupi hazitokani na mada zake. Makazi, jinsia, imani na mazingira vinaweza kuingia katika aina yoyote kati ya tano zilizofafanuliwa, na mlinzi mmoja wa Mbweni ameweza kuzipitia zote. Kinachotofautisha ni shinikizo linalowekwa juu ya mhusika na muda anaopewa.

Matokeo yake kwa ufundishaji na ufadhili ni ya vitendo. Mwanafunzi aulizwe kiini chake kwa sentensi moja kabla ya kuulizwa dhamira, na jopo linalogawa fedha lisome sentensi hiyo kabla ya kusoma orodha ya malengo. Siku moja ya kupiga picha Dar es Salaam ina nauli, chakula cha washiriki, taa za kukodi na kibali. Kwa kijana anayekusanya fedha hizo kwa miezi, kugundua siku hiyo kwamba alikuwa na mada tu ni hasara ambayo sentensi moja ingeiepusha.