Safari Yetu ya Bujora na Kazi ya Ngoma

Yafaa nianze kwa kukiri kosa langu. Muhula uliopita, katika mdahalo wa wanafunzi, nilisimama upande wa wale waliotaka kikundi cha ngoma cha shule yetu kivunjwe. Nilisema kuwa ngozi ya ngoma kubwa imepasuka, kuwamba nyingine ni gharama, na Siku ya Wazazi muziki wa spika watosha kabisa. Nilishangiliwa sana. Mwalimu wetu wa Historia hakunijibu kitu siku ile. Alitabasamu tu, na baada ya majuma matatu jina langu likawa la kwanza katika orodha ya wanafunzi thelathini waliochaguliwa kwenda kuona Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora.

Tuliondoka Misungwi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kunywa uji. Gari lilifuata barabara kuu ya Mwanza hadi Usagara, kisha likakata kulia kushika barabara ya Kisesa. Kwa hiyo hatukuingia mjini hata kidogo, jambo lililowahuzunisha wenzetu waliokuwa wamebeba fedha za kununulia viatu. Kutoka Kisesa si mbali kufika Bujora, katika Wilaya ya Magu, kwenye kilima chenye mawe makubwa yaliyopandana kama yale tuliyoyazoea huku kwetu.

Mahali hapo palianzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, aliyefanya kazi Usukumani tangu miaka ya 1950. Alipenda sana mila za Wasukuma, hata kanisa lake likajengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Tulipokewa na mzee mmoja mwongozaji, naye alitusalimu, "Mwangaluka!" Sisi tulioota meno Usukumani tuliitikia vizuri. Mwenzetu mmoja wa Tanga akaitikia, "Marahaba," na mzee akacheka mpaka akatoa leso.

Kwanza alitupeleka katika jengo lililofanywa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani yake zimo ngoma za watemi wa sehemu mbalimbali za Usukuma. Nyingine ni kubwa hata mtoto wa darasa la pili angeweza kujificha ndani. Nilitazamia kwamba angetupigia moja tuisikie, nami nikamwomba kwa adabu.

"Babu, tafadhali tupigie hii."

Akanitazama. "Ametawazwa nani leo, mjukuu wangu?"

Nilikosa la kujibu. Ndipo akatueleza kuwa ngoma hizo hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa sehemu ya utawala wenyewe, zikilia kwa mambo ya mtemi, na zilikuwa na watu wake maalumu wa kuzitunza. Serikali ilipoondoa utawala wa watemi mwaka 1963, hakuna aliyezipasua wala kuzichoma. Zilikosa kazi tu, na ngoma iliyokosa kazi hukaa kimya, tena husafishwa vumbi na kutazamwa na wanafunzi.

Maneno hayo yalinichoma kidogo, maana nilikumbuka ngoma yetu iliyofungiwa stoo pamoja na madawati mabovu.

Baadaye tulitoka nje uwanjani, ambako vijana wa kikundi cha hapo walikuwa wamewasha moto wa nyasi. Waliziinamisha ngoma karibu na moto ili ngozi ikauke na kukaza, kwani ngozi yenye unyevu hutoa sauti nzito, iliyolegea. Kisha mpigaji mmoja akasimama mbele ya ngoma tatu akiwa na fimbo mbili, na wachezaji wakaingia wakiwa na majembe ya mkono. Hiyo ndiyo Bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambayo watu wengi wameiona jukwaani bila kujua ilikotoka.

Nijaribu kuieleza kama nilivyoelezwa. Zamani mtu mwenye shamba kubwa alikiita kikundi cha vijana kije kumlimia, naye aliwalipa pengine kwa ng'ombe au chakula. Vijana walijipanga mstari mmoja, bega kwa bega. Mpiga ngoma alikuwa pamoja nao palepale shambani. Pigo zito lilikuwa la jembe kushuka, na mapigo mepesi yaliyofuata yalikuwa ya kuliinua tena. Mtu mvivu hawezi kujificha katika mstari kama huo, maana jembe lake likichelewa kila mtu huliona likiwa juu peke yake. Manju naye aliimba, akimsifu huyu na kumtania yule, hata jua likawa limepanda nao hawana habari. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana katika nchi yetu ya ziwani, na vikundi vya namna hiyo vilipata kazi nyingi. Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Watu husoma habari hizo katika Historia, lakini mimi sikuwa nimefikiri kuwa nyuma ya zile robota za pamba palikuwa na ngoma.

Mwongozaji alinipa fimbo. Nilijaribu kupiga pigo la jembe, nami ni mtu niliyejisifu kuwa naweza kuongoza bendi ya spika. Baada ya muda mfupi mchezaji wa mbele alisimama, akaweka jembe chini, akaniuliza kwa upole kama nataka wakatane miguu. Wenzangu wangali wakinitania mpaka leo.

Siku hizi plau ya ng'ombe na trekta vimechukua sehemu kubwa ya kazi ile. Lakini Bugobogobo haikufuata njia ya ngoma za watemi, kwa sababu ilipata kazi ya pili, nayo ni mashindano. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, vinavyokumbuka waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa kucheza. Hata sasa vikundi viwili hucheza wakati uleule katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji ndio waamuzi. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mashindano makubwa ni yale ya Bulabo, neno lenye maana ya maua, ambayo hufanyika Bujora kila mwaka mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Humo huonekana pia Bayeye na chatu wao, ambao sikusikitika kuwa hawakuwapo siku ile.

Tukiwa garini kurudi, mwenzetu mmoja aliuliza kama gitaa nalo lina kazi, au ni la starehe tu. Mwalimu alisema kuwa katika bandari za Afrika Magharibi mabaharia walileta magitaa, na watu wa Ghana wakayachanganya na mapigo yao wenyewe, ukatokea muziki wa highlife, ambao E. T. Mensah aliupeleka mbali. Kwetu nako sahani za santuri kutoka Cuba zilisikilizwa sana, na Dar es Salaam Jazz Band ikaundwa mwaka 1932. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz huko Dar es Salaam. Watu waliotoka bara kutafuta kazi mjini walihitaji mahali pa kukutana Jumamosi, na dansi ikawapa mahali hapo. Fid Q, mzaliwa wa Mwanza, hashiki jembe, lakini nadhani manju wa zamani angemwelewa, maana wote wawili wanashindana kwa maneno mbele ya watu. Hata nyimbo za Kisukuma za kinanda zinazosikika siku ya mnada hapa Misungwi bado zinamsifu mtu kwa jina lake. Spika nilizozitetea katika mdahalo zinaweza kutoa nyimbo hizo zote kwa sauti kubwa, ila haziwezi kumwona aliyechelewesha jembe.

Tuliporudi niliomba nafasi katika mdahalo ili nijipinge mwenyewe. Nilipata kura chache kuliko mara ya kwanza. Hata hivyo mlezi wa kikundi alituruhusu kutafuta ngozi, na mzazi mmoja wa hapa jirani alitupa ngozi ya ng'ombe bila malipo. Tuliiwamba vibaya, tukairudia. Jumamosi iliyopita tuliichukua shambani, siku ya zamu ya Kidato cha Pili kupiga matuta ya viazi. Mimi sikupiga ngoma. Nilipewa jembe katikati ya mstari, na matuta yalikwisha kabla ya kengele ya chakula cha mchana.