Kompyuta Inapowekewa Mfumo Mpya: Maswali Gani Aachiwe Mgeni?

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na nyingi zingali zinatumika katika shule, zahanati na ofisi za kata. Hata hivyo, mfumo uliofuata, Windows 11, unahitaji kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, sifa ambazo mashine nyingi za zamani hazina. Ndiyo maana limekuwa jambo la kawaida kusikia kwamba kompyuta fulani, badala ya kutupwa stoo, itawekewa mfumo mwingine usio na malipo ya leseni, kama vile Debian, Ubuntu au Linux Mint.

Kazi hiyo, ambayo mafundi wa mitaani huiita kupiga Windows hata pale kinachowekwa si Windows, ingefaa ifanywe na Afisa TEHAMA. Lakini kata nyingine ziko mbali na makao makuu, na mara nyingi mwalimu wa taaluma au Mtendaji wa Kata hujikuta ameshika flashi, kompyuta iko mbele yake, na skrini inamuuliza maswali ambayo hajawahi kuyasikia. Wapo wanaosoma kila neno kwa hofu. Wapo pia, na hao ndio wengi, wanaobonyeza kitufe cha kuendelea mpaka maswali yaishe. Hawa wa pili si wazembe. Wamekwishazoea kuulizwa na mashine mambo yasiyowahusu, na mtu aliyeulizwa maswali tisa yasiyo na maana kwake hawezi kutarajiwa kutambua kwamba la kumi linahusu faili zake zote.

Hapo ndipo lilipo tatizo linalowashughulisha watengenezaji wa mifumo kwa miaka mingi: ni machaguo gani yaonyeshwe kwa mtu anayesakinisha mfumo kwa mara ya kwanza, na ni yapi yaamuliwe kimyakimya kwa niaba yake?

Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, unatoa mfano mzuri kwa sababu uamuzi huo umeandikwa ndani ya programu yenyewe. Kila swali ambalo kisakinishi cha Debian kinaweza kuuliza limepewa daraja. Yapo madaraja manne. Daraja la chini kabisa ni la maswali madogo, ambayo jibu lililowekwa tayari litawafaa karibu watu wote. Linafuata daraja la kati, la maswali ya kawaida yenye jibu la kuridhisha. Daraja la juu ni la maswali yasiyo na jibu moja linaloweza kukisiwa. La mwisho ni la maswali ambayo, yasipojibiwa na binadamu, huenda mfumo usifanye kazi kabisa. Mtu anayesakinisha kwa njia ya kawaida huonyeshwa maswali ya madaraja mawili ya juu tu. Anayechagua njia ya wataalamu huonyeshwa yote, na ni mengi kweli. Kwa hiyo maswali anayoyaona mgeni ni yale yaliyobaki juu ya chekeche baada ya mengine kupita chini bila yeye kujua.

Chekeche hilo ni zuri, lakini halimalizi kazi. Linapima kama swali lina jibu la kukisiwa. Halipimi kama mgeni analo jibu hilo. Swali linaweza kuwa la lazima na bado likawa gizani kwa anayeulizwa. Pia yapo maswali yanayoonekana madogo ambayo kosa lake hujitokeza baada ya siku kadhaa, wakati hakuna tena anayekumbuka kilichobonyezwa.

Suala la saa ni jepesi. Kisakinishi huuliza mahali ulipo ili kiweke saa za eneo. Dar es Salaam na Nairobi zote ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na hakuna kati yake inayobadilisha saa kwa majira ya mwaka. Aliyechagua mji mmoja badala ya mwingine saa yake itakuwa sahihi, na aliyekosea kabisa anaweza kurekebisha baadaye kwa muda mfupi. (Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, saa mbili asubuhi yetu itaandikwa 08:00, na hilo halina chaguo.) Swali la namna hii linaweza kujibiwa na mashine yenyewe, kisha mgeni akathibitisha tu.

Kibodi ni jambo jingine. Mpangilio wa Marekani na ule wa Uingereza vinafanana kiasi kwamba mtu huona hakuna tofauti, naye huchagua Uingereza kwa kuwa ndiyo aliyoizoea katika vitabu vya Kiingereza. Kompyuta nyingi zinazouzwa huku zina vitufe vya mpangilio wa Marekani. Katika mpangilio huo alama ya @ iko juu ya tarakimu 2. Katika ule wa Uingereza mahali hapo pana alama ya kunukuu. Tuchukue mwalimu aliyechagua mpangilio wa Uingereza, kisha akaunda nenosiri lenye @. Herufi za nenosiri hazionekani kwenye skrini, kwa hiyo hajui kwamba kilichoandikwa ni alama ya kunukuu. Ataingia kila siku bila shida, maana kosa linajirudia lilelile. Siku ambayo mtu mwingine atarekebisha kibodi, nenosiri litakataliwa, na lawama itakwenda kwa kompyuta. Swali la kibodi linastahili kuonyeshwa, tena liambatane na nafasi ya kujaribu kuandika alama chache kabla ya kuendelea. Visakinishi vyenye nafasi hiyo vimefanya jambo la maana kuliko vinavyotoa orodha ndefu ya nchi peke yake.

Kuna chaguo jingine linalomtatiza mgeni bila sababu ya msingi, nalo ni sura ya mfumo. Debian humwonyesha majina kadhaa: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE na mengineyo. Kwa mjuzi hayo ni mapendeleo yenye maana. Kwa Mtendaji wa Kata ni majina matupu, kwani hakuna picha wala neno linalomwambia kwamba Xfce ni nyepesi zaidi kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Ubuntu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004 na ambayo jina lake lina maana ya utu katika lugha za kusini mwa Afrika, iliamua vingine: toleo lake la kawaida huja na sura moja, na anayetaka nyingine huchukua toleo jingine tangu mwanzo. Toleo lake la Juni 2006 pia lilimwezesha mtu kuwasha mfumo kutoka kwenye CD, kuutumia kwanza, kisha kuusakinisha akiwa ndani yake bila kugusa diski kabla hajaamua. Kumruhusu mgeni aonje kwanza kunapunguza maswali kuliko maelezo yoyote yatakayoandikwa pembeni mwake.

Swali la diski ndilo zito kuliko yote. Takwimu za mahudhurio, matokeo ya mitihani ya ndani, barua za kijiji na picha za miradi mara nyingi zimo katika diski hiyo moja, na nakala yake haipo mahali pengine. Kisakinishi kikikuta mfumo mwingine ndani ya kompyuta, kinaweza kutoa nafasi ya kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani, kufuta diski yote, au kugawa diski kwa mkono. Chaguo la kufuta yote ndilo rahisi kulielewa na ndilo linalofanikiwa bila vikwazo. Kwa hiyo ndilo linalomvutia mgeni, na ndilo lisilo na njia ya kurudi.

Kisakinishi cha Debian kimechukua hadhari mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba, kabla ya kuandika chochote, kinaonyesha muhtasari wa kitakachobadilika na kuuliza kama kiendelee, huku jibu lililowekwa tayari likiwa ni hapana. Anayebonyeza bila kusoma hasongi mbele. Ya pili inahusu namna ya kugawa diski. Mgeni anaonyeshwa machaguo zaidi ya moja, lakini lile la kuweka faili zote katika sehemu moja limeandikiwa kwamba linapendekezwa kwa watumiaji wapya. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: mgeni akitenganisha sehemu bila kujua mahitaji yake, moja hujaa wakati nyingine iko tupu. Faida ya kutenganisha, yaani kubaki na nyaraka zako siku mfumo utakapowekwa upya, haipatikani kwa mtu asiyejua kwamba anayo.

Hata hivyo hadhari hizo hazifiki kila mahali. Orodha ya diski huonyesha vifaa vyote vilivyochomekwa, pamoja na flashi na diski ya nje yenye nakala za akiba, na kila kimoja huandikwa kwa jina la kitaalamu na ukubwa wake. Mgeni hana cha kushika isipokuwa ukubwa: flashi ya GB 16 haiwezi kufanana na diski ya GB 500. Diski ya nje ya GB 500 inaweza. Njia salama ni kuchomoa kila kifaa kisichohusika kabla ya kuwasha kompyuta, ili jibu baya lisiwepo kabisa katika orodha.

Usimbaji wa diski nao unahitaji uangalifu, hasa katika utumishi wa umma. Diski iliyosimbwa haisomeki na mwizi, na kwa ofisi yenye taarifa za wagonjwa au za wanafunzi hilo ni jambo jema. Lakini katika Debian, nenosiri la diski likisahaulika hakuna fundi atakayelifungua. Kwa upande wa Windows 11, hasa kuanzia toleo la mwaka 2024, usimbaji unaweza kuwashwa wenyewe pale anayeandaa kompyuta anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuokoa wenye tarakimu 48 huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Kwa kompyuta ya nyumbani utaratibu huo una mantiki. Katika ofisi, mhudumu aliyeandaa kompyuta kwa akaunti yake binafsi akihamishiwa wilaya nyingine, ufunguo umehama naye. Mwaka mmoja baadaye bodi ya mashine inabadilishwa, kompyuta inaomba tarakimu 48, na hakuna aliyebaki ofisini anayejua kwamba ziliwahi kuwepo. Mtu huyo aliulizwa barua pepe yake tu. Skrini haikumuuliza kompyuta ni mali ya nani.

Kwa kuwa kisakinishi hakiwezi kujua mazingira ya kila ofisi, Debian inaruhusu majibu yaandikwe mapema katika faili. Afisa TEHAMA anaweza kujaza lugha, kibodi, saa, sura ya mfumo na mahali pa kupakua programu, na mwalimu aliye kijijini akabakiwa na maswali mawili au matatu. Suala la kupakua si dogo, kwani flashi yenye kisakinishi kidogo huchukua sehemu kubwa ya mfumo kutoka kwenye intaneti, na bando linalolika ni la mwalimu mwenyewe. Kisakinishi kikubwa kilichobeba programu zake kinaondoa gharama hiyo.

Jibu moja halipaswi kuandikwa katika faili hilo, nalo ni la kufuta diski. Inawezekana kuliandika, na kazi huenda kwa kasi. Lakini flashi ya namna hiyo itafuta kompyuta yoyote itakayowashwa kupitia kwake, bila kuuliza, na flashi katika ofisi zetu huazimwa, husahaulika mezani na huchanganywa na nyingine.

Kwa kata au shule inayojiandaa kubadili mfumo, kazi inaanza kabla ya skrini ya kwanza. Nakala za faili zihamishiwe kwenye diski ya nje, zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka, kisha diski hiyo ichomolewe. Akaunti itakayotumika iwe ya ofisi. Nenosiri la diski au ufunguo wa kuokoa uandikwe kwenye karatasi, ufungwe ndani ya bahasha yenye namba ya mali ya kompyuta husika na kuhifadhiwa masjala, na bahasha hiyo iingizwe katika hati ya makabidhiano kila mtumishi anapohama.