Hofu ya Karatasi Tupu: Michezo ya Kuchora kwa Mgonjwa Aliyekwama

Mkwamo wa ubunifu ni hali ya mtu kushindwa kuanza au kuendeleza kazi ya sanaa ilhali nia anayo, vifaa anavyo na muda anao. Hali hiyo haiwapati wasanii peke yao. Huonekana pia wodini na katika kliniki za utengamao, pale mgonjwa anapopewa karatasi na penseli ili apitishe muda, auzoeshe kazi mkono uliolegea, au aeleze jambo lililomshinda kulitamka. Huirudisha karatasi ikiwa nyeupe kama alivyoipokea, akasema, "Mimi sijui kuchora."

Mtoa huduma akiikubali kauli hiyo bila kuitafakari, mlango hufungwa. Mtoto aliyeungua moto, mama anayepata matibabu ya saratani au mzee aliyepoteza usemi kwa kiharusi hukosa njia moja ya kujieleza, na huenda hana nyingine. Makala haya yanaeleza chanzo cha mkwamo huo, michezo mitano inayoweza kuuondoa, na dalili zinazoonyesha kwamba tatizo si mkwamo bali ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Kwa nini mkono hukwama

Mtoto mdogo huchora bila kuombwa: mchangani kwa kijiti, ukutani kwa mkaa. Anapokua hujifunza kulinganisha mchoro wake na kitu halisi, kisha na mchoro wa mwenzake. Wengi huacha kuchora katika umri huo, na wafikapo utu uzima mkono wao huwa bado ni ule wa utotoni. Kwa hiyo mtu mzima anaposema hajui kuchora, mara nyingi maana yake ni kwamba anaona haya kuonekana akichora kama mtoto. Kwa mgonjwa haya hiyo huwa nzito zaidi. Mwili wake umekwisha kuchunguzwa, kupimwa na kutolewa majibu, naye huiona karatasi kuwa kipimo kingine.

Mwaka 2008, watafiti wa Marekani Charles Limb na Allen Braun walichapisha uchunguzi wa wapiga piano sita wa muziki wa jazi, ambao ubongo wao ulipigwa picha kwa mashine ya MRI huku wakipiga. Walipokuwa wakibuni muziki papo hapo, maeneo ya pembeni ya gamba la mbele la ubongo, yanayohusishwa na kujisimamia na kujikosoa, yalipunguza utendaji. Eneo la katikati, linalohusishwa na kujieleza, liliongeza utendaji. Washiriki walikuwa wachache, tena wanamuziki stadi, hivyo matokeo hayo hayatoshi kutoa hukumu juu ya kila mgonjwa. Hata hivyo yanaoana na jambo linaloonekana kila siku: mkosoaji wa ndani akitangulia kazi, kazi haianzi.

Hapo ndipo mchezo unapofaa. Mchezo una kanuni, lakini hauna jibu sahihi. Humpa mkosoaji shughuli nyingine, na mkono ukapata nafasi ya kusogea. Wala mgonjwa hahitaji kuwa stadi ili anufaike. Mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake walipima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, katika mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kazi ya sanaa. Kwa takribani robo tatu yao kiwango kilishuka, na uzoefu wa awali wa sanaa haukuleta tofauti kubwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia. Kwa hiyo hauthibitishi kwamba sanaa ni dawa, ila unaondoa dhana kwamba sanaa huwafaa wenye kipaji tu.

Michezo mitano

Kanuni tatu zitangulie. Kila mchezo upewe muda mfupi, dakika mbili hadi tano. Kifutio kiwekwe mbali. Mtoa huduma naye achore, kwa kuwa mgonjwa anayechora peke yake huku akitazamwa hujiona yumo katika mtihani.

1. Mstari wa ovyo. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyebobea pia katika uchanganuzi wa nafsi, aliutumia mchezo huu kwa miaka mingi alipozungumza na watoto. Mmoja hufumba macho na kuchora mstari wowote uliopindapinda. Mwenzake huugeuza kuwa kitu: samaki, sikio, njia ya mlimani. Kisha hupokezana. Mgonjwa haanzi na karatasi tupu, na kosa haliwezekani, kwa sababu mstari wenyewe haukukusudia kuwa chochote.

2. Doa. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa, kwani humo wangeona milima, mito na watu. Wodini, tone la chai au la rangi iliyochanganywa na maji linatosha. Karatasi hukunjwa katikati, hukunjuliwa, kisha mgonjwa huongeza mistari michache ili wengine waone alichokiona yeye. Mchezo huu usichukuliwe kuwa kipimo cha akili, na majibu ya mgonjwa yasitafsiriwe.

3. Kuchora bila kutazama karatasi. Mgonjwa hukazia macho kitu kimoja, kama vile kiganja chake au kikombe, na penseli hufuata mwendo wa jicho bila yeye kuitazama karatasi. Mchoro hutoka umepindapinda, na kwa kawaida huleta kicheko. Anayeogopa kuchora vibaya hugundua kwamba hapa kila mmoja huchora vibaya.

4. Karatasi iliyokunjwa. Kikundi cha wasanii mjini Paris kilianza kuucheza katika miaka ya 1920. Wa kwanza huchora kichwa, hukunja karatasi kukificha na kuacha ncha za shingo. Wa pili huchora kiwiliwili, wa tatu miguu. Karatasi ikikunjuliwa huonekana kiumbe ambacho hakuna aliyekikusudia. Mchezo huu hufaa wagonjwa wa chumba kimoja, na ndugu wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wakakosa la kusema.

5. Kukata na kubandika. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mwaka 1941. Tangu hapo alitumia muda mwingi kitandani na katika kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai kulipomwia vigumu, alishika mkasi akakata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi, na kazi za miaka hiyo zimo miongoni mwa zile zinazosifiwa zaidi. Mgonjwa anaweza kutumia gazeti kuukuu na gundi. Mwenye mkono mmoja dhaifu hushikiwa karatasi na msaidizi, naye huchana kwa mkono ulio mzima.

Wajibu wa mtoa huduma

Swali "Hiki ni nini?" hurudisha mtihani mezani, na hata sifa ya "mzuri sana" humfundisha mgonjwa kutafuta alama. Lililo bora ni kusema, "Nieleze kuhusu mchoro huu," kisha kusikiliza. Mgonjwa akinyamaza, ukimya wake uheshimiwe.

Mchoro ni mali ya mgonjwa. Usibandikwe ukutani wala kutumwa kwa simu bila ridhaa yake. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi pia itafutwe. Rangi ya giza au umbo la kutisha si utambuzi wa ugonjwa. Lakini mchoro au maneno yakigusia kujidhuru au kutendewa ukatili, mtoa huduma amuulize mgonjwa kwa upole, faraghani, na atoe taarifa kwa kufuata utaratibu wa kituo.

Usalama uzingatiwe vilevile. Mgonjwa aliye katika hatari ya kujidhuru asipewe mkasi. Achane karatasi kwa vidole. Watoto wadogo wasipewe vitu wanavyoweza kumeza. Vifaa vigumu vinavyotumiwa na wengi visafishwe kwa dawa baada ya kila mgonjwa, na vya mgonjwa aliyetengwa kwa ajili ya maambukizi visitoke chumbani mwake.

Mkwamo usiotokana na hofu

Zipo hali ambazo mchezo hautoshi. Mtu aliyependa kuchora, kushona au kufuma, akapoteza hamu ya shughuli hizo na ya mambo mengine kwa wiki mbili au zaidi, hasa akikosa usingizi au hamu ya chakula au akijiona hana thamani, achunguzwe kwa ajili ya sonona. Akitaja kifo au kutaka kujiua, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Mkono uliokuwa mwepesi ukawa mzito polepole, mwandiko ukazidi kuwa mdogo na vidole vikatetemeka mtu anapopumzika, huweza kuashiria ugonjwa wa Parkinson.

Mgonjwa wa kiharusi anayechora nusu moja tu ya saa au ya uso huenda si mvivu wala hajakwama: ubongo wake huenda umeacha kuutambua upande mmoja, kwa kawaida wa kushoto. Mchoro huo aonyeshwe daktari. Na mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda au maneno yakakwama mdomoni, hiyo ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.

Michezo hii haichukui nafasi ya dawa, mazoezi ya viungo wala ushauri nasaha, bali huenda sambamba navyo. Mgonjwa aliyesema hajui kuchora asibishiwe wala asisihiwe. Mtoa huduma aketi kando yake, afumbe macho, achore mstari mmoja wa ovyo, kisha ampe penseli.