Vioo vya Zamani (4): Bakuli la Waridi Lilifikaje Bungoma?

Tangu mahakama ya Orléans, Ufaransa, iwakubalie wafanyakazi wa Duralex mnamo Julai 2024 kukigeuza kiwanda chao kuwa ushirika, jina hilo limerudi vinywani mwa watu, na wasomaji kadhaa wa Kitale wameniuliza kama glasi zilizo kabatini mwao ni za enzi ya Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. La, hasha. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1945, na glasi yake maarufu, Picardie, ni ya 1954. Nambari iliyo kwenye kitako haionyeshi mwaka wala umri. Hiyo ni nambari ya kalibu, ili glasi zikianza kutoka na dosari fundi ajue kalibu ipi imeharibika. Wafanyakazi wale nawavulia kofia.

Kioo kilichokandamizwa kwenye kalibu na kile kilichopulizwa kwa mdomo tulishavitenganisha katika sehemu zilizopita, kwa hivyo sitarudi kwenye mishono ya kalibu. Kinachonikera sasa ni orodha za Wamarekani za vyombo vya enzi hiyo ya Mdororo. Mtu ana bakuli la waridi la nyanyake, anafungua simu, anaona picha ya Cherry Blossom ya kampuni ya Jeannette au Mayfair ya Hocking, maua yanakaribiana, basi anabandika jina hilo na bei ya dola. Vyombo vile vya Marekani vilimwagwa na mashine kwa senti chache miaka ya 1930. Vingine vilitiwa ndani ya maboksi ya oti au kugawiwa waliokata tikiti za sinema. Vilikusudiwa kumvuta mnunuzi wa Ohio na Pennsylvania. Ukitaka kujua kilichoshushwa Mombasa, tazama kwingine.

Hapa wanaonijua watanivumilia, maana jambo hili la mikataba ya biashara nimelipenda miaka mingi. Mkataba wa Berlin wa 1885, na ule wa Saint-Germain wa 1919 uliourekebisha, uliiweka Kenya ndani ya eneo la biashara la Bonde la Kongo, ambamo ilikatazwa kupendelea bidhaa za taifa lolote kwa ushuru. Uingereza na makoloni yake walipokutana Ottawa mwaka 1932 na kuahidiana upendeleo, Kenya haikuweza kutoa upendeleo huo. Bakuli la Gateshead, Uingereza, la Chekoslovakia na la Japani yalilipa ushuru mmoja forodhani. Ndiyo maana kabati moja la Bungoma linaweza kuwa na vyombo vya mataifa matatu, na ndiyo maana kitabu cha nchi moja hakitoshi.

Kutoka forodhani hadi bara njia ilikuwa reli, iliyofika Kitale mwaka 1926. Masetla wa Trans Nzoia, wengi wao askari waliogawiwa ardhi baada ya vita vya kwanza vya dunia, walilima mahindi kwa mikopo. Bei ikaporomoka, nzige wakaja, na mwaka 1931 Benki ya Ardhi ikaanzishwa kuwaokoa. Wengine walifunga virago kwenda Kakamega, ambako dhahabu ilikuwa imeonekana mwaka huohuo. Vya nyumbani vikapigwa mnada. Wimbi la pili lilikuja kuanzia 1962, mashamba yalipouzwa kwa ajili ya skimu za makazi, na familia nyingi za Wabukusu zikahamia Ndalu, Tongaren na Kiminini. Vyombo navyo vilibadilisha mikono, kwa kununuliwa, kwa zawadi, au kwa kuachwa tu jikoni.

Na tusisahau aliyevilipia. Sheria ya wafanyakazi wakaazi ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Anayeandika mtandaoni kwamba bakuli lake ni “kumbukumbu ya maisha ya starehe ya masetla” amesimulia nusu ya habari, tena nusu isiyomhusu.

Haya, pindua chombo. Bakuli moja nililoshika Kanduyi lina miguu mitatu mifupi, maua yamejitokeza upande wa nje, na ukipitisha kidole ndani ni laini kabisa. Chini yake kuna herufi “Rd No” na tarakimu zilizofifia. Huo ni usajili wa nakshi Uingereza: mwaka 1930 nambari zilikuwa karibu 750,000, mwaka 1935 karibu 800,000, na mwaka 1940 zilikuwa zimepita 837,000. Lakini nambari inataja mwaka nakshi iliposajiliwa. Kiwanda kingeweza kuendelea kuikandamiza kwa miaka mingi baadaye. Kioo chenye mawingu kama moshi ulioganda ndani yake huenda ni cha kampuni ya Davidson ya Gateshead, iliyoanza kukitengeneza mwaka 1923. Maneno “Made in Czechoslovakia” pekee hayatoshi, kwa kuwa nchi hiyo ilidumu kuanzia 1918 hadi 1992.

Taa ya kuhakikia noti iliyo kwa wakala wa M-Pesa inasaidia kidogo. Kioo kikiwaka kijani cha ndimu, kina urani. Hilo halithibitishi umri, maana kioo cha urani kilikuwepo karne ya 19 na hadi leo kinatengenezwa, na kioo chenye manganisi nacho hutoa kijani hafifu. Nakshi za Kimarekani zenyewe zimeigwa tangu miaka ya 1970.

Nafasi imenibana, na najua wengi wenu mnataka kuuza. Piga picha kitako, ukingo na kila ufa, pima kipenyo, na kama hujui kiwanda, andika “hakijulikani”. Andika pia kilitoka shamba gani na nani alikitumia, kisha nakala uipeleke Makumbusho ya Kitale. Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 1974, lilitokana na mkusanyiko wa setla, Kanali Stoneham. Sioni kwa nini kabati la mpishi wake lisipate rafu humo. Sheria ya Makumbusho ya 2006 huita mambokale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hivyo bakuli la 1930 halibanwi na kifungu hicho. Ushanga wa bibi, ukiwa wa kabla ya hapo, unaweza kubanwa, na kuutoa nchini kunahitaji kibali. Tutauchambua katika sehemu ya tano.